Jikoni na Shangazi: Tui linatiwa siku ya kuliwa

Habari zenu wapenzi wasomaji wa Kusini na popote mlipo. Mwezi huu meseji karibu zote zimekuja na kilio kimoja, muda hamna. Mtu anatoka ofisini jua limezama, mwingine anatoka shamba miguu imechoka, mwingine kafunga duka saa mbili, na wote wakifika nyumbani kuna watoto wanataka kula. Nimechagua maswali sita, yaliyofanana nimeyaweka pamoja, na kwenye mengine nimeandika kirefu kwa sababu kuna vitu vinanitia wasiwasi nikiona watu wanavifanya.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mie ni mama wa watoto watatu naishi Chuno hapa Mtwara mjini, kazini natoka saa kumi na moja, nikipita sokoni mpaka nifike nyumbani ni saa kumi na mbili na bado nianze kuchambua mchele, nikune nazi, nichemshe mbaazi, chakula kinaiva saa tatu watoto wawili washalala. Mwezi uliopita nikasema ngoja nipike jumapili chakula cha wiki nzima, nikapika mbaazi za nazi sufuria kubwa, wali na mchicha, vyote nikavitia kwenye friji. Jumanne mbaazi zikaanza kunuka, jumatano nikamwaga zote, nililia kwakweli, na baba watoto akasema yeye viporo hali. Friji ninayo, ina friza ndogo kwa juu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kumwaga sufuria nzima ya mbaazi inauma, umetoa hela na umetoa jumapili yako ya kupumzika.

Kupika mapema hukukosea, ulichokosea ni kupika mpaka mwisho. Chakula cha kuweka mie nakipika nusu. Kazi inayokula muda unaimaliza jumapili, na kile kinachoharibika haraka unakiacha siku yenyewe ya kula. Sasa angalia mbaazi zako, zinakaa jikoni saa moja na nusu ndo ziive, hiyo ndo kazi yenyewe, ila zikishaiva kwa maji na chumvi tu zinakaa vizuri. Tui linataka dakika kumi tu kwenye moto, lakini ndo linalochacha, na likichacha linaondoka na sufuria nzima. Kwa hiyo mbaazi chemsha jumapili, tui litie siku ya kuliwa. Ukishika hilo moja tu nusu ya shida yako imekwisha, na linaenda kote, kunde, maharage, kisamvu, samaki wa nazi, mihogo ya nazi.

Fanya hivi. Jumamosi usiku loweka mbaazi kilo moja, maji yawe mengi maana zinavimba. Joto la kwetu huku usiziache zaidi ya usiku mmoja, zikipitiliza zinatoa povu na harufu ya kuchacha kabla hata hujazipika. Asubuhi mwaga yale maji, tia mapya, chemsha mpaka ziwe laini lakini zisirojeke, maana bado zitarudi jikoni. Kama una presha kuka dakika 20 mpaka 25 zinatosha. Magadi usitie, najua wengi tumekuta mama zetu wanatia na zinaiva upesi kweli, lakini magadi yanaua vitamini kwenye mbaazi na hizo mbaazi ndo nyama ya watoto siku nyingi.

Kilo moja ya mbaazi kavu ikiiva inakupa zaidi ya kilo mbili, hiyo ni mboga ya siku tatu nne kwa nyumba yako. Zigawe kwenye kontena au mifuko, kila mfuko mlo mmoja. Wa jumatatu na jumanne weka chini kwenye friji, wa jumatano na kuendelea panda nao juu kwenye friza. Chakula kilichoiva kwenye friji nakihesabia siku tatu, nne mwisho, baada ya hapo simpi mtu.

Halafu kuna rojo. Rojo ndo litakuokoa kuliko kitu chochote. Nunua nyanya sado moja siku zikiwa bei poa, vitunguu maji kama kilo moja, vitunguu saumu, tangawizi, karoti ukipenda. Kaanga vitunguu taratibu mpaka vibadilike rangi, tia saumu na tangawizi, tia nyanya zilizokatwa au zilizosagwa, acha zikauke mpaka mafuta yaelee juu. Hapo pilipili hoho na limao usitie, hivyo ni vya siku yenyewe. Likipoa gawa kwenye mifuko midogo, lalaza mifuko iwe bapa kama daftari, inaganda haraka na inapangika hata kwenye friza ndogo kama yako. Siku ya kupika unavunja kipande, unakitia kwenye sufuria, dakika tano kitunguu chako kishaiva na nyanya zishaiva. Mbaazi ndani, tui ndani, wali pembeni unaiva, ndani ya dakika 30 mnakula.

Nazi nayo ukitaka kukuna mara moja kwa wiki inawezekana. Kuna, kamua tui zito na jepesi pamoja, gandisha kwenye vikombe vidogo siku hiyo hiyo. Likiyeyuka litaonekana limejigawa, maji chini mafuta juu, usiogope, likishika moto koroga tu linarudiana. Na kama nazi imepanda bei, sie watu wa korosho hatukosi pa kushika. Korosho vipande vile vilivyovunjika huwa nafuu kuliko nzima, loweka nusu kikombe kwenye maji ya moto nusu saa, saga kwenye blenda na maji kidogo, tia kwenye kisamvu au mbaazi mwishoni. Inakuwa nzito na tamu sana. Ziwe zilizobanguliwa tayari lakini, usije ukabangua mwenyewe jikoni, mafuta ya lile ganda yanaunguza ngozi na wanaobangua wanalijua hilo vizuri.

Kingine kilichoharibu mbaazi zako nadhani ni sufuria yenyewe. Sufuria kubwa ya moto ukiitia kwenye friji, katikati inabaki ya uvuguvugu masaa na masaa, na uvuguvugu ndo bakteria wanapenda. Gawa kwanza kwenye vyombo vya chini chini, weka chombo kwenye beseni la maji ya baridi, koroga, kikipoa ingiza. Ndani ya masaa mawili kiwe kimeshaingia, na siku za joto kali la januari ndani ya saa moja.

Mchicha usipike jumapili. Chambua, osha, kausha maji yaishe kabisa, funga kwenye kitambaa kikavu weka kwenye friji, siku yenyewe unakatakata na kutia kwenye rojo dakika nne.

Umeme ukikatika usifunguefungue mlango. Friji iliyofungwa inashika baridi kama masaa manne, friza iliyojaa inaweza kufika siku mbili na iliyojaa nusu kama siku moja, kwa hiyo hata chupa za maji zigandishe humo uzibe nafasi.

Na baba watoto mwambie hivi, kiporo ni chakula kilichobaki baada ya watu kula, hiki hakijawahi kuliwa na mtu, kimesubiri tui. Akionja jumatano mbaazi zenye tui la siku hiyo hiyo hatasema kitu.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi naishi Shangani, kila jumamosi naenda feri kununua samaki maana bei ya asubuhi pale ni nzuri, nachukua vibua vingi vya wiki. Wiki iliyopita nilichelewa kurudi, nikapitia sehemu mbili tatu samaki wako kwenye ndoo nyuma ya pikipiki. Tulipokula jioni, mke wangu na mtoto wakawa wekundu usoni, wanajikuna, kichwa kinawauma, lakini samaki hawakuwa na harufu mbaya na tuliwakaanga wakakauka kabisa. Usiku ikaisha yenyewe. Majirani wanasema ni sumu. Ni kweli?

JIBU: Salama kaka yangu, na nashukuru Mungu wamepona. Inavyosikika walipata kitu kinachotokana na samaki kukaa na joto, na nataka nieleze vizuri kwa sababu huku pwani tunakula vibua, nguru, jodari na dagaa karibu kila siku.

Hao samaki niliowataja nyama yao ina kitu kwa wingi kinachoitwa histidini. Samaki akikaa kwenye joto bakteria wanakigeuza kuwa histamini, na hiyo histamini ndo inaleta wekundu, kuwasha, kichwa, moyo kwenda mbio, mara nyingi ndani ya dakika chache mpaka saa moja baada ya kula, halafu inapungua baada ya masaa kadhaa. Ubaya wake ni kwamba ikishaingia haitoki. Ukaange, uchemshe, ugandishe, ubanike kwa moshi, iko pale pale. Na samaki anaweza asinuke kabisa. Ndo maana kule kukaanga mpaka kukauka hakukusaidia, lile jambo lilishatokea nyuma ya pikipiki.

Lakini nikwambie pia, kama mtu kaanza kuvimba midomo au kifua kinabana hapati pumzi, hapo hakuna kusubiri usiku uishe, ni hospitali mbio, maana mzio wa samaki unafanana na hicho na unaua.

Sasa jumamosi yako ipange upya. Barafu kwanza samaki baadae. Toka nyumbani na ndoo yenye mfuniko au kasha la kuhifadhia baridi, barafu chini, samaki katikati, barafu juu, kila kilo ya samaki na kilo ya barafu kwa jua letu hili. Feri iwe kituo cha mwisho, zile sehemu mbili tatu zianze. Ukifika nyumbani hakuna kukaa, toa matumbo na mashavu, osha, kata, paka chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na limao, gawa mifuko ya mlo mmoja mmoja, samaki wapangwe mstari mmoja bapa, friza. Limao linakata shombo tu, haliui bakteria, nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wanapaka limao wanaacha samaki mezani mpaka jioni wakijua wako salama.

Wa jumatatu mshushe jumapili usiku kutoka friza kwenda chini kwenye friji, jumatatu jioni atakuwa ameyeyuka tayari kwa kikaango. Usimweke juu ya meza asubuhi ukaenda kazini.

Kama unataka samaki wa wiki wasikupe presha changanya aina. Changu na tasi hawana shida hiyo ya histamini kama vibua, barafu bado wanaihitaji lakini. Na pweza, jamani pweza ni mnyama wa kuweka akiba, ukimgandisha kabla ya kupika analainika, siku ukimtoa hana haja ya kupigwa pigwa chini. Wale wa Songosongo wanaoshushwa Kilwa na hawa wa kwetu wote sawa tu. Mchemshe kwa maji yake mwenyewe, kata vipande, kimoja kwenye rojo na tui, kingine choma.

SWALI: Shikamoo shangazi, mimi nipo Newala. Sina friji, na maji unajua hali yetu huku juu, ndoo ni hela. Msimu wa korosho tunaondoka alfajiri mimi na mume wangu na mtoto mkubwa, tunaokota mpaka jioni. Mchana tunakula mihogo mibichi na maembe, tukirudi nimechoka napika ugali wa muhogo na chochote kilichopo. Naomba mpango wa mtu ambaye hana friji.

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali lako limenikaa moyoni, kwa sababu vitabu vingi vya mapishi ya haraka vimeandikwa kama kila mtu ana friji, wakati bibi zetu wa Makonde walikuwa wanaweka chakula cha miezi bila umeme. Makopa, yaani muhogo uliomenywa ukakaushwa, ni chakula cha kuweka. Mbaazi kavu, kunde kavu, njugu mawe, samaki ng'onda, vyote vilishafanyiwa kazi mapema, vinasubiri siku. Wewe una ghala tayari, kinachokukosa ni moto na muda.

Nakushauri utengeneze kikapu cha kupikia. Chukua kikapu kikubwa au boksi gumu, zungushia ndani majani makavu ya mgomba au nguo kuukuu mpaka ibaki nafasi ya sufuria moja, ikae imebanwa pande zote, na juu uwe na mto wa matambara wa kufunikia. Chakula kinachemka jikoni dakika chache, ukikitia humo kikiwa kinatokota kinaendelea kuiva chenyewe kwa joto lile lile, kuni huongezi na maji hayakauki, na kwako wewe maji kutokauka ni jambo kubwa.

Mpango wako uwe huu. Usiku loweka kunde au mbaazi. Saa kumi na moja alfajiri weka jikoni, zitokote kwa nguvu dakika 20 na mfuniko juu, chumvi, kitunguu. Usifungue tena, toa sufuria kama ilivyo ingiza kwenye kikapu, funika, na kikapu mwende nacho shamba. Wengi wanakiacha nyumbani mpaka jioni, hapana, masaa 11 ni mengi, chakula kinaanza kupoa na kikipoa ndo kinaharibika. Kikiwa shamba saa sita mchana mnafunua bado kina moshi, kimeiva, mnakula na muhogo wa kuchemsha au ugali wa asubuhi. Sufuria ijae vizuri, ikiwa nusu joto linatoroka. Mkikuta hakijaiva au kimepoa, jiwe tatu chini ya mkorosho, kichemshe tena kwanza, ila majani makavu yafagie mbali, moto kwenye shamba la korosho si wa kuchezea.

Maharage mekundu ndo nakuomba uangalie. Lazima yalowekwe, maji yamwagwe, halafu yatokote kwa nguvu dakika zisizopungua 10 kabla ya kuingia kwenye kikapu. Yana sumu yake ambayo moto mdogo mdogo hauiondoi, mtu anatapika vibaya.

Jioni ukirudi usianze na kitu cha kulowekwa. Kabla ya msimu peleka mbaazi kavu mashineni zikobolewe na kupasuliwa, zile hazihitaji kulowekwa, nusu saa zishakuwa mchuzi mzito. Karanga kaanga siku ambayo huendi shamba, twanga, weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko, zile zenye ukungu au zilizosinyaa na kubadilika rangi toa tupa, usimpe hata kuku, sumu ya ukungu haifi kwa kukaangwa. Usitwange za mwezi mzima, za wiki mbili zinatosha. Dagaa wakavu toa vichwa, pangusa mchanga, kaanga bila mafuta mpaka wakauke kau kau, weka chupa nyingine. Kwa hiyo jioni ni kitunguu, nyanya, kikombe cha dagaa, kijiko cha karanga, na ugali.

Huo ugali wa muhogo sasa. Kama muhogo wenu ni mchungu, na wengi wanapanda mchungu kwa sababu nguruwe na ngedere hawausumbui, makopa ya haraka haraka yanabaki na sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa konzo ulionekana huku kwetu Mtwara, unapooza miguu na haurudi nyuma, na unawapata hasa watoto na akina mama pale njaa inapobana na muhogo unapoliwa peke yake bila mboga ya maana. Kuna njia rahisi haigharimu kitu. Weka unga kwenye bakuli, weka alama ndani pale unga ulipofikia, tia maji huku unachanganya, unga utashuka kwanza halafu utapanda, ukirudi kwenye alama acha. Tandaza kwenye mkeka safi au sinia, uwe mwembamba usiozidi sentimita moja, kivulini masaa matano au juani masaa mawili, sumu inatoka kama hewa. Siku hiyo hiyo pika ugali. Mdogo anayebaki nyumbani au bibi anaweza kuufanya mkiwa shamba, na maji ni yale yale ambayo ungesongea ugali, unapunguza tu sufuriani.

Kisamvu nacho nikiseme hapa hapa. Twanga mpaka kilainike kabisa, chemsha muda mrefu bila mfuniko, maji ya kwanza mwaga kama muhogo ni mchungu. Najua kumwaga maji Newala ni kazi ngumu kutamka, lakini hayo si ya kunywa wala ya kupikia tena.

SWALI: Aunt mambo, mie na mume wangu tumeoana mwaka huu tupo Lindi mjini, wote tunapenda chapati asubuhi ila kukanda unga alfajiri siwezi. Zinawekwa?

JIBU: Poa mwanangu na hongereni. Zinawekwa sana. Unga wa ngano kilo moja, chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko vinne vya chakula, maji ya uvuguvugu kama nusu lita na kidogo, kanda mpaka ulainike, acha upumzike nusu saa, sukuma kama kawaida utapata 12 mpaka 14. Zipike bila mafuta kwenye kikaango, upande huu dakika moja na upande ule, ziwe na madoa mepesi tu zisiive kabisa. Zikipoa kabisa zipange na karatasi la nailoni katikati ya kila moja, funga, friza, mwezi mzima ziko sawa. Asubuhi toa mbili zikiwa zimeganda hivyo hivyo, kikaangoni na mafuta, dakika tatu. Zikipangwa za moto zinatoa jasho na kugandana, hilo ndo la kuangalia.

SWALI: Shikamoo shangazi, nipo Nachingwea. Watoto wangu wanabeba chakula shule, wanakula saa saba. Nimezoea kupika wali usiku, naufunika kwenye sufuria, asubuhi naupasha naweka kwenye hotpoti. Juzi mdogo katapika shule na mwalimu kasema ni wali. Mbona niliupasha?

JIBU: Marahaba, na mpe pole mtoto. Mwalimu anaweza kuwa amesema kweli. Mchele una bakteria wa aina yake ambao mbegu zao hazifi hata maji yakitokota. Wali ukiiva na ukakaa jikoni usiku kucha wa vuguvugu, zile mbegu zinaamka, wanazaana na kuacha sumu, na sumu hiyo ukipasha asubuhi haiondoki. Kwa hiyo kupasha kulikuwa kumechelewa.

Kama una friji, wali wa usiku ukiiva tu utandaze kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa moja uwe kwenye friji umefunikwa, asubuhi unyunyizie maji kidogo upashe mpaka utoe moshi wote, sio juu juu, uingie kwenye hotpoti. Kama huna friji wali wa usiku usipike kwa ajili ya shule, pika asubuhi. Mchele chambua usiku, maji na mafuta pima usiku, asubuhi dakika 20 umeiva wakati mnajiandaa. Hotpoti yenyewe ijaze maji yanayochemka dakika kumi kwanza, mwaga, kausha, ndo utie wali wa moto kabisa na ujae. Hotpoti ya baridi inanyonya joto la wali na ikifika saa tano ni uvuguvugu tu.

Siku umeamka umechelewa kuna vitu havina neno, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha asubuhi hiyo, yai la kuchemsha na ganda lake, karanga, ndizi. Mtoto hatalala njaa kwa kukosa wali siku moja.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee nipo Kilwa Masoko. Mke wangu alitangulia mbele ya haki mwaka jana, nimebaki na wajukuu wawili, mmoja yupo darasa la pili na mwingine la tano. Maisha yangu yote sijapika. Najua kuchemsha chai na kukaanga yai. Jirani anatusaidia lakini naona aibu kila siku. Nifundishe vitu viwili vitatu ambavyo mzee kama mimi naweza kupika mara moja watoto wakala mara mbili.

JIBU: Shikamoo babu. Mungu amrehemu bibi yetu. Na aibu usione, jirani anapika kwa mapenzi, ila naelewa mtu kutaka sufuria yake mwenyewe iwe jikoni kwake.

Tuanze na choroko, kwa sababu choroko hazilowekwi na hazina hasira. Kikombe kimoja cha choroko, chambua mawe mezani pa mwanga, huyu wa darasa la tano macho yake ni makali muache akusaidie. Osha mara mbili. Vikombe vinne vya maji, jikoni, zikianza kutokota punguza moto, funika nusu. Baada ya dakika 40 bonyeza moja kwa vidole, ikipondeka zimeiva. Hapo gawa mara mbili. Nusu ya kwanza ndo ya leo, kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili kwa mafuta kidogo, tia choroko, chumvi, tui la nusu nazi, koroga mpaka lichemke, epua. Nusu ya pili haijatiwa kitu, ipoe, kwenye friji ni ya kesho, na kama friji hamna basi pika nusu kikombe tu kila siku, haina kazi kubwa.

Cha pili ni viazi vitamu na maganda yake. Vioshe, vifunike maji, nusu saa. Vya jioni mnakula na choroko, vilivyobaki asubuhi na chai. Usiku ule vikipoa viweke kwenye friji, na kama friji hamna chemsha vya mlo mmoja tu.

Cha tatu dagaa, wakavu wa kukaangwa bila mafuta kama nilivyomwambia wa Newala hapo juu. Wajukuu wako wanakua na dagaa wanaliwa na mifupa yake, hiyo ndo chokaa ya mifupa yao. Weka chupa mezani, kila mlo kila mtoto kijiko cha chakula juu ya choroko.

Wali na ugali mwache jirani akuoneshe siku moja ukiwa umesimama pembeni yake, vile haviandikiki vizuri, mkono ndo unajifunza. Mwambie tu unataka kuona maji anayopima. Halafu siku choroko zako zikitoka vizuri mpelekee bakuli moja.